Waacheni Watu wa Kitale Wanunue Hisa

Katika mazungumzo ya mitaji nchini Kenya kuna kauli iliyozoeleka kiasi kwamba haidaiwi tena ushahidi. Inasema kwamba kampuni changa ya teknolojia iliyoko Kitale, Nanyuki au Voi haifai kuuza hisa zake kwa watu wa kawaida wanaoizunguka, huyu akitoa shilingi elfu mbili, yule elfu ishirini, kupitia jukwaa la mtandaoni lenye leseni. Watu hao, tunaambiwa, hawaelewi hisa. Watalizwa. Afadhali waendelee na sacco na ng'ombe wao, na mwenye kampuni aende Nairobi au ng'ambo akatafute mwekezaji mkubwa. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Wengi ni mawakili, wahasibu na watu wa benki walioshuhudia akiba za wananchi zikiteketea. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao linaumiza: wanaolipia huduma za kampuni hizo mashinani wanabaki wateja maisha yao yote, na faida inamilikiwa kwingine.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Kampuni inatangaza kiasi inachohitaji, muda wa kukichanga na sehemu ya umiliki inayouza. Fedha zinakaa kwenye akaunti ya amana ambayo mwanzilishi hawezi kuigusa. Lengo lisipofikiwa, kila mtu anarudishiwa chake. Likifikiwa, aliyetoa anapata hisa: kampuni ikipata faida na kuigawa, atapata mgao wake, kampuni ikifa, fedha zake zimekufa nayo. Wakenya wamezoea kuchanga kwa simu. Jukwaa la michango la M-Changa lipo tangu 2012, na harambee tumezaliwa tukazikuta. Kilichokuwa hakipo ni mchango unaomfanya mchangaji kuwa mmiliki. Sheria ya Makampuni ya 2015 inaiwekea kampuni ya kibinafsi kikomo cha wanachama 50 na kuikataza kuualika umma ununue hisa zake. Mwaka 2022 zilitoka kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) kuhusu uchangishaji wa aina hii, zikimtaka mwendeshaji wa jukwaa awe na leseni na kumwekea mwekezaji mdogo kikomo. Kwa hiyo serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba jambo hili linawezekana. Waliobaki kulipinga ni wale wanaojiita walinzi wa mwananchi.

Nianze na hoja yao ya machozi, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Ni kweli watu wa mashinani wamelizwa. Miaka ya 2006 na 2007 miradi ya piramidi ilienea nchini, na jopo la serikali lililoichunguza lilikuja kubaini kwamba zaidi ya shilingi bilioni 8 zilikuwa zimepotea. Wajane walitoa fedha za mazishi, wastaafu wakatoa viinua mgongo. Sitamdharau hata mmoja wao. Lakini tuulize waliuziwa nini. Waliahidiwa kwamba fedha zao zitaongezeka kwa kiwango kilichotajwa, ndani ya muda uliotajwa, bila kuelezwa ni biashara gani inayozizalisha. Hakukuwa na karakana ya kutembelea, hakukuwa na bidhaa ya kushika, hakukuwa na vitabu vya hesabu vya kudai. Hisa ya kampuni ndogo haina ahadi ya namna hiyo, na mwuzaji wake anayethubutu kuitoa anafaa kunyang'anywa jukwaa siku hiyo hiyo.

Tena tuangalie visa vingine ambavyo walinzi wetu hawapendi kuvitaja katika mjadala huu. Francis Thuo mwaka 2007, Nyaga mwaka 2008, Discount Securities mwaka 2009: wote walikuwa madalali wa hisa, wenye leseni, na ofisi zao zilikuwa Nairobi. Walipoanguka, walioachwa wakihangaika ni wenye hisa chache kutoka kila pembe ya nchi, na hazina ya fidia haikuwalipa zaidi ya shilingi 50,000 kila mmoja. Oktoba 2015 Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu, wiki chache tu baada ya kukusanya shilingi bilioni 2 kwa bondi iliyoidhinishwa na CMA yenyewe. Mwaka 2021 hazina ya uwekezaji ya Cytonn High Yield Solutions ilishindwa kuwalipa maelfu ya wawekezaji wake, wakiwamo wataalamu waliosoma vizuri na wanaojua kupiga hesabu za riba. Orodha hii haina kampuni ndogo ya mtaani iliyouza hisa kwa majirani zake. Ina majengo marefu, mihuri, matangazo ya rangi katika magazeti, na umbali mkubwa kati ya mwenye fedha na mahali fedha zake zinapofanya kazi. Anayetaka kumlinda mwananchi aanze na umbali huo.

Kisha kuna jeraha la Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo kwa shilingi 5 kila moja, na Wakenya wapatao laki nane wakapanga foleni kuzinunua. Wengine walikopa. Kufikia mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya shilingi 3, na waliokopa wakabaki na deni la kitu kilichopungua thamani. Hapo ndipo familia nyingi ziliapa kutosikia tena habari za hisa. Ninawaelewa. Lakini aliyekuwa ametumia fedha zake mwenyewe akatulia, aliiona hisa hiyo hiyo ikipita shilingi 40 mwaka 2021, baada ya kupokea magawio ya miaka mingi. Funzo la 2008 ni kwamba mtu asikope kununua hisa, na asiweke humo fedha za karo ya muhula ujao. Hilo ni funzo ambalo mwananchi alilipata kwa fedha zake, na ni dharau kuendelea kumtendea kana kwamba hakulipata.

Hawaelewi hisa? Wakulima wadogo wa chai zaidi ya laki sita, kutoka Murang'a hadi Kisii, wanamiliki kampuni 54 za viwanda vinavyosimamiwa na shirika la chai la KTDA. Wana hisa humo. Wanachagua wakurugenzi, wanazozana kuhusu kura, wanadai kuelezwa kwa nini bonasi ya kiwanda hiki ni ndogo kuliko ya kile cha jirani. Malalamiko yao juu ya usimamizi yalikuwa makali kiasi cha kulifikisha jambo Bungeni na kuzaa Sheria ya Chai ya 2020. Nasikia watu wakitumia vurugu hizo kama ushahidi kwamba mkulima hawezi kumiliki kampuni. Mimi naziona kinyume kabisa. Mwenyehisa anayepiga kelele kwenye mkutano mkuu, akishika karatasi ya malipo mkononi na kuuliza kila senti imekwenda wapi, anatenda kazi ambayo wakurugenzi wa kampuni nyingi kubwa wanalipwa kuifanya na hawaifanyi. Kiwanda cha chai ni mitambo, umeme, soko la Mombasa, bei ya dola. Aliyeweza kuyafuatilia hayo kwa miongo kadhaa hawezi kushindwa kuielewa kampuni ya watu wanane inayotengeneza mizani ya kidijitali ya kupimia maziwa.

Nishike mfano huo wa mizani, maana ndio unaonyesha kwa nini mji mdogo una faida ambayo Nairobi haina. Chukulia kampuni kama hiyo imeanzishwa na vijana wa Kitale, Trans Nzoia. Mizani inapima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, inatuma ujumbe kwa simu ya mkulima papo hapo, na mwisho wa mwezi hesabu ya chama cha ushirika inalingana na hesabu ya mkulima. Mtaji unaohitajika ni wa kununua vifaa vya vituo thelathini zaidi na kumwajiri fundi wa pili. Nani anajua kama kampuni hii inafaa? Mkulima anajua, kwa sababu kila asubuhi anaona mizani ikifanya kazi au ikikataa. Karani wa ushirika anajua kama fundi hufika siku anayoitwa au baada ya wiki. Mwenye duka la pembejeo anajua kama vijana hao hulipa madeni yao. Mama yake mwanzilishi anajulikana sokoni. Habari hizi zote zipo, ni za kweli, na hazigharimu kitu; mchambuzi aliyetumwa kutoka mji mkuu kwa siku mbili hawezi kuzipata hata akilipwa vipi. Sheria za uwekezaji zimejengwa juu ya dhana kwamba mwekezaji mdogo anajua kidogo kuliko mkubwa. Kwa kampuni kama hii, dhana hiyo imepinduka.

Najua jibu litakalofuata: huko huko ambako watu wanajuana ndiko kwenye siri za ukoo, shinikizo la mheshimiwa, na aibu ya kumshtaki mpwa. Ni kweli. Nimeona miradi ya maji na majosho ya ng'ombe ikifa kwa sababu mweka hazina alikuwa shemeji ya mwenyekiti. Ndiyo maana mchango wa hisa upitie jukwaa lenye leseni, fedha zishikwe na mtu asiye wa kijiji, na hesabu zitolewe kwa tarehe inayojulikana. Ujirani unaleta ujuzi. Sheria ilete nidhamu. Kila kimoja kikibaki peke yake, mambo yataharibika.

Tugeukie basi ule ushauri kwamba mwenye kampuni atafute mwekezaji mkubwa. Hazina za uwekezaji za ng'ambo zina hesabu zake, na sizilaumu kwa kuwa nazo. Kwa kawaida hazina huingia katika kampuni nyingi ikijua kwamba nyingi kati yake zitakufa, na kwa hiyo moja au mbili lazima zikue mara hamsini au mia ili kufidia zilizokufa. Kampuni ya mizani ya Trans Nzoia haitakua mara mia. Inaweza kukua mara tatu kwa miaka saba, ikaajiri watu ishirini, ikalipa kodi na kugawa faida kidogo kila mwaka. Kwa hazina ya San Francisco hiyo ni kampuni isiyofaa kuangaliwa. Kwa Kitale ni baraka. Tatizo ni kwamba tumechukua kipimo cha San Francisco tukakigeuza kuwa kipimo cha biashara nzuri, na mwanzilishi anayetaka kupita mtihani huo analazimika kuahidi ukuaji ambao soko lake halina.

Kampuni ya Copia ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Ilikuwa na wazo zuri sana: kumfikishia bidhaa mtu wa kijijini kupitia mawakala wa karibu naye, watu wenye vibanda na saluni, wateja wakiagiza bila kuhitaji hata simu ya kisasa. Ilipata zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji wakubwa. Ilipanuka hadi Uganda, ikafunga huko, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi, wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakipewa notisi ya kupoteza kazi. Mawakala waliokuwa wameijenga biashara hiyo kwa miguu yao hawakuwa na hisa ndani yake. Hawakuwa na kiti kwenye mkutano ambako iliamuliwa ipanuke kwa kasi gani. Sidai kwamba wangekuwa na hisa Copia ingepona. Hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Nadai kwamba watu walioijua njia ya kila kijiji walistahili kuulizwa, na katika kampuni anayeulizwa ni mwenye hisa.

Wengine husema: basi akakope benki. Benki inataka hati ya shamba. Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya 2017 iliruhusu mashine, madeni yanayodaiwa na hata haki za ubunifu kuwekwa rehani, lakini anayekwenda kwenye kaunta ya mji mdogo na programu ya kompyuta kama dhamana anajua atarudi nayo nyumbani. Hata mkopo ukipatikana, malipo yanaanza mwezi unaofuata, wakati kifaa bado kiko bandarini. Hisa husubiri. Ndiyo kazi yake.

Nchini Uingereza, ambako wapinzani wetu hupenda kuchota mifano, kuna kisa wasichokitaja. Vijiji vya kaskazini mwa Lancashire vilikuwa vimekosa intaneti ya kasi kwa sababu makampuni makubwa hayakuona faida ya kufikisha nyaya kwenye mashamba yaliyotawanyika. Mwaka 2011 wakazi wakaunda B4RN, shirika la jamii, wakaliuzia umma hisa za pauni moja moja. Wenye mashamba waliruhusu nyaya zipite katika ardhi yao bila malipo. Waliochimba mitaro kwa mikono na matrekta yao walilipwa kwa hisa. Leo maelfu ya nyumba za huko zina intaneti ya nyuzi za kioo yenye kasi ya gigabiti moja, ambayo wakazi wengi wa miji mikubwa ya nchi hiyo walikuwa hawajaiona wakati mitaro hiyo inachimbwa. Hata Crowdcube, jukwaa lililoanza kuuza hisa za kampuni changa kwa umma mwaka huo huo wa 2011, lilizaliwa Exeter, mji wa Devon, mbali na mabenki ya London.

Lakini huko huko Uingereza, kampuni ya Rebus ilichanga zaidi ya pauni laki nane kupitia Crowdcube, na mapema 2016 ikafilisika. Walionunua walipoteza. Kampuni nyingi changa hufa, na anayeuza hisa zake bila kulisema hilo kwa herufi kubwa ni mwongo. Sibishani na ukweli huo. Ninachobisha ni hitimisho linalotolewa kutokana nao. Mkulima wa mahindi hupoteza msimu mzima kwa ukame. Mwenye bodaboda huweka akiba yote kwenye pikipiki inayoweza kuibwa usiku mmoja. Kijana huweka mshahara kwenye kamari ya simu usiku kucha, na hilo ni halali, tena limetangazwa kwenye redio kwa miaka mingi. Nchi inayomruhusu mtu kucheza kamari ya mpira wa Ulaya kwa fedha zake zote haina uso wa kumkataza kuweka shilingi elfu tano kwenye kampuni anayoiona kwa macho.

Ugumu ambao nauona kuwa wa kweli, na ambao watetezi wenzangu huukwepa, ni wa kuuza. Ukinunua hisa ya Safaricom leo unaweza kuiuza kesho. Hisa ya kampuni ya mizani, mtoto akilazwa hospitalini, utamwuzia nani? Soko la Hisa la Nairobi lilianzisha kitengo cha kampuni ndogo, GEMS, mwaka 2013, na walioingia ni wachache mno. Home Afrika iliyoanza kwa shilingi 12 mwaka huo ilikuja kuuzwa chini ya shilingi moja. Huko siko kwa kuwapeleka watu. M-Akiba nayo, bondi ya serikali iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ilipotoa toleo lake kuu la shilingi bilioni 1 mwaka 2017 ilipata takriban robo tu. Urahisi wa kununua hautoshi kumvuta mtu.

Kwa hiyo masharti yawe magumu pale panapouma. Mkataba wa hisa useme tangu siku ya kwanza kwamba kampuni itatenga sehemu ya faida kila mwaka kwa ajili ya kuwanunua wanaotaka kutoka, mwenye dharura ya ugonjwa akitangulia. Jukwaa liwe na ubao wa kuuziana kati ya wanahisa, hata kama ni mara mbili tu kwa mwaka. Mtu asiruhusiwe kuweka zaidi ya sehemu ndogo ya mapato yake, na asiruhusiwe kabisa kununua kwa mkopo wa simu. Waraka wa mauzo uandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na kabla ya mauzo kufunguliwa mwanzilishi asimame barazani mbele ya watu na kujibu maswali yao, pamoja na lile la mshahara wake. Hisa zote za wachangaji zishikwe na mdhamini mmoja ili kampuni isivuke kikomo cha wanachama 50, lakini kura zao zisimezwe na mdhamini huyo. Zipigwe, zihesabiwe, zitangazwe.

Masharti haya yana gharama, na kuna waanzilishi watakaoyakimbia. Wayakimbie. Asiyeweza kusimama mbele ya watu mia mbili wa mji wake na kuwaonyesha vitabu vyake hastahili elfu mbili zao.

Na sacco nazo ziache kukaa pembeni. Zina wanachama, zina wakaguzi, zinajua tabia ya kila mtu ya kulipa. Sacco ya walimu au ya wafugaji inaweza kutoa mhasibu wa kupitia hesabu za kampuni inayotaka kuchanga, kwa ada ndogo, na kuwapa wanachama maoni yake wazi. Hilo lingefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za elimu ya fedha kwenye hoteli za Naivasha, zinazowafundisha watu tahadhari bila kuwapa kitu cha kuwa na tahadhari nacho.

Naiomba CMA ipime kazi yake kwa idadi ya kampuni za nje ya Nairobi zilizochanga mtaji kwa uaminifu, pamoja na idadi ya matapeli iliowazuia. Nawaomba magavana wanaopenda kukata utepe kwenye vituo vya ubunifu waulize vijana waliomo humo watapata wapi mtaji wa mwaka wa pili. Nawe msomaji uliye Kitale, Voi, Maralal au Busia, ukiletewa waraka wa hisa za kampuni ya mtaani kwako, usome wote. Dai hesabu za miaka miwili. Nenda karakana yao siku ambayo hawakutarajii, zungumza na wateja wao, uliza utatokaje ukitaka kutoka. Kisha amua mwenyewe, kwa fedha zako mwenyewe.